Maswali kwa Shangazi: Tangu siku ile nyumba imenyamaza

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kwa simu, na nyingi zimetumwa kati ya saa sita na saa tisa za usiku. Ndizo saa pekee zilizobaki za mtu kuwa peke yake. Kwa sababu ya korona, tangu Machi 27 tumo ndani kwa kafyu kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na tangu Aprili 8 hatuingii wala hatutoki Mombasa. Barua zote nimezisoma. Nyingine nimezijibu faraghani, kwa kuwa mwenyewe angetambulikana mtaani. Hizi nne zimechapishwa kwa ridhaa ya waandishi, baada ya kubadilisha mambo machache. Naandika haya wiki ya mwisho ya Mei 2020, siku chache baada ya Idi.

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mji wa Kale, ghorofa ya pili, vyumba viwili na ukumbi. Tuko wanane: mimi, mume wangu, watoto wanne, mavyaa, na shemeji yangu aliyekuja kutoka Lamu mwanzo wa Aprili kwa siku tatu, njia zikafungwa naye yumo. Mume wangu ni mwongoza watalii pale Fort Jesus. Tangu ndege za kimataifa zisimame mwisho wa Machi hajapata mgeni hata mmoja. Mimi nilikuwa nikikaanga viazi karai na bajia nikiuza mlangoni, lakini tangu mtaa wetu ufungwe Mei 6 wateja wa nje hawaingii. Zamani mume wangu alikuwa akirudi jioni, anaoga, anabadilisha kanzu, kisha yuko barazani hadi saa nne. Sasa yumo ndani kutwa na kila kitu kina kasoro: chumvi, kelele za watoto, maji tunavyoyatumia. Katikati ya Ramadhani mwanangu mkubwa, wa kidato cha pili, aliomba shilingi hamsini za bando apakue kazi za shule. Baba yake aliinuka, akachukua sufuria iliyokuwa na donge la mahamri likiumuka, akaipiga ukutani. Hakunigusa, na hajawahi kunipiga. Lakini tangu siku ile nyumba imenyamaza. Hata siku ya Idi kila mtu alikula na sahani yake pembeni. Mavyaa ananiambia mwanamke ni kuvumilia. Je, nimepungukiwa na subira?*

Marahaba, mwanangu. Subira unayo. Mtu asiye na subira haumui mahamri ya watu wanane huku amefunga.

Nitaanza na zile shilingi hamsini, kwa sababu naamini jibu limo humo. Mwanao hakuomba kitu kikubwa. Aliomba kitu kidogo, mbele ya bibi yake na ami yake, na baba mtu hakuwa nacho. Mwanamume aliyezoea kurudi nyumbani na mfuko mkononi, hata uwe na nyanya nne tu, aliona siku ile kwamba hata hamsini hana, na kila mtu amemwona hana. Sufuria iliruka kwa sababu hiyo. Sisemi haya ili nimtetee. Kuijua hasira ilikotoka si kuipa ruhusa. Nasema ili usikae usiku ukijiuliza kama chumvi ilizidi.

Marehemu mume wangu aliachishwa kazi mwaka 1994. Kwa muda mrefu tuligombana juu ya dumu la maji: kwa nini liko mlangoni, kwa nini haliko jikoni, nani amelifungua. Nilijitetea kuhusu dumu, naye alinishambulia kuhusu dumu. Siku moja usiku nilimkuta ukumbini akihesabu sarafu juu ya mkeka, akizipanga mafungu mafungu, ya kodi, ya unga, ya shule, na mafungu hayatoshi, anazikusanya na kuanza upya. Nilikaa chini nikahesabu naye. Kugombana hakukwisha usiku ule, ila tangu hapo tuligombana juu ya fedha, kwa jina lake, na ugomvi wa fedha una mwisho. Ule wa dumu haukuwa nao.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na usiyachanganye siku moja.

La kwanza ni sufuria. Lazima lisemwe. Kimya mlicho nacho si amani, ni woga, na watoto wanaujua. Nyumba za mtaa wenu nyingi zina paa la kukanyagika, pale mnapoanika nguo. Mwombe apande na wewe asubuhi na mapema, wengine wakiwa bado wamelala. Usimwambie jioni akiwa amechoka, wala mbele ya mama yake, wala kupitia kwa mtoto. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Siku ile ulipoipiga sufuria niliogopa, na watoto waliogopa. Sitaki kuogopa ndani ya nyumba yangu." Kisha nyamaza. Najua kuna mengine kumi yamekukaa kooni. Usiyatoe siku hiyo. Ukiyatoa atajibu lile jepesi kuliko yote na sufuria itasahaulika. Akishuka bila kujibu, mwache ashuke. Umesema, na amesikia.

La pili ni hesabu, siku nyingine, na hapo wakae watu wazima wote wanne, akiwemo shemeji. Chukueni karatasi. Andikeni kilichopo, kinachodaiwa na kinacholiwa kwa wiki. Shemeji ni mtu mzima. Hana fedha, lakini ana mikono: maji ya nyumba hiyo ayabebe yeye kila asubuhi, mpaka njia ya Lamu ifunguke, na atakula chakula chake bila kuinamisha kichwa. Mwenye nyumba naye asingojewe aje kugonga. Mumeo ampigie kabla ya tarehe, amweleze, atoe hata robo ya kodi. Kama mna jamaa anayeweza kuwasaidia, kumbukeni kwamba tangu Machi mwaka huu kutuma shilingi 1,000 au chini ya hapo kwa simu hakukatwi ada, kwa hiyo hata mia mbili yafika mia mbili.

Sasa mumeo na siku yake ndefu. Baraza kwa wanaume wa mtaa wenu lilikuwa kitu kikubwa kuliko wanavyokiri wenyewe. Mtu alikuwa akitua hapo mzigo wake, pamoja na kahawa chungu na habari za siasa, akapanda nyumbani mwepesi. Misikiti imefungwa, baraza limefungwa, na ule mzigo wote sasa unatuliwa ukumbini kwenu. Anahitaji kitu cha kufanya ambacho anakijua kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Na anacho! Mumeo ameeleza Fort Jesus kwa wageni wangapi? Anajua kwamba Wareno walianza kuijenga 1593. Anajua mzingiro ulioanza Machi 1696, Waomani wakiwa nje, na waliokuwa ndani, Wareno pamoja na watu wa pwani, wakifa kwa njaa na maradhi hadi ngome ilipoanguka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Mtu anayeweza kusimulia hayo ana la kuwaambia watoto waliofungiwa wiki tatu. Mwombe awasomeshe. Muda uwe mmoja kila siku, tuseme baada ya alasiri, na mwanao wa kidato cha pili amrekodi kwa simu ili watoto wa majirani nao wasikilize. Usimwambie kwamba ni dawa ya hasira zake. Mwambie watoto wanahitaji somo la historia, maana ni kweli.

Na wewe je? Umeniandikia habari za baraza la mumeo, hukuniandikia la kwako. Wewe pia ulikuwa na chama, na arusi, na kwenda kuwapa watu pole, na wale wanawake wa kwenye viazi karai waliokuwa wakisimama mlangoni dakika tano. Yote yamekatika siku moja, na hakuna aliyekupa pole. Katika nyumba ya watu wanane huwezi kupata chumba, lakini waweza kupata saa. Dai saa moja baada ya adhuhuri ambayo hakuna mtu anayekuita. Mlango wa chumba ufungwe, watoto wawe kwa bibi yao wakisikiliza vipindi vya shule redioni KBC. Ulale, upige soga kwa simu, usifanye chochote. Ramadhani imekwisha ukiwa unalala muda wa saa nne tu kila usiku, kwa ajili ya daku. Mwili ukikosa usingizi, neno dogo linaingia kama mwiba, na hilo si tabia mbaya, ni uchovu.

Imebaki mavyaa. Mheshimu, na umjibu. Mwambie: "Mama, njaa nimeivumilia na nitaivumilia. Woga sitauvumilia." Kisha umwombe yeye azungumze na mwanawe, kwa sababu katika nyumba yenu hakuna mwingine anayeweza kumwambia "mwanangu, umekosea" akakaa chini akasikiliza. Wazee wengi huhimiza uvumilivu kwa kuwa hawajaombwa kitu kingine.

Na ikiwa siku moja kitakachotupwa kitaelekezwa kwako au kwa mtoto, ushauri wangu wa juu wote umefutika. Soma jibu la barua inayofuata.

*Shangazi, mimi ni mama wa Kisauni. Nyumba yetu na ya jirani zinashirikiana ukuta. Mumewe ni dereva wa matatu, na tangu gari la abiria 14 liamriwe kubeba 8 hesabu ya tajiri haitimii. Nasikia akimpiga mkewe, na ni baada ya kafyu, wakati hakuna anayeweza kutoka. Asubuhi jirani ananisalimia kama hakuna kitu. Mume wangu anasema mambo ya mke na mume tusiyaingilie. Nifanye nini?*

Ingilieni. Namwambia mumeo kwa heshima yote: hayo si mambo ya mke na mume, ni mtu anayepigwa. Kenya ina Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani tangu 2015, na chini yake mahakama inaweza kumzuia mume asimkaribie mkewe. Na msione ni nyumba moja tu. Mapema Aprili Jaji Mkuu David Maraga alisema makosa ya kingono yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi zote za jinai zilizorekodiwa katika wiki mbili zilizotangulia. Mlango uliofungwa ili kuzuia ugonjwa umewafungia wengine pamoja na anayewaumiza.

Andika nambari 1195 mahali utakapoiona hata gizani. Ni simu ya bure, usiku na mchana, kwa ajili ya ukatili wa kijinsia. Ya watoto ni 116, nayo ni bure. Ukisikia kipigo usiku, piga 1195 na piga kituo cha polisi, useme nyumba ilipo kwa alama zinazoonekana: duka gani, msikiti gani, njia ya gari inaishia wapi. Vituo vingi vina dawati la jinsia, liulizie kwa jina hilo. Usimhimize jirani atoke peke yake gizani wakati wa kafyu bila kujua anakwenda wapi na nani anamngoja.

Na kama mko salama kufanya hivyo, mumeo agonge. Asigonge kwa kumhukumu mtu, wala kwa kupiga makelele. Agonge kuomba kiberiti, au kuuliza kama maji yamefika kwao. Hodi ya namna hiyo huvunja mkono uliokwisha kuinuliwa, na yule mume anapata habari kwamba ukuta una masikio bila kuambiwa. Akiwa amelewa au ana silaha, msiende.

Mchana, mkiwa mnaanua nguo, mwambie jirani neno moja: "Nasikia." Usiongeze. Huenda akakana. Mwambie tena siku nyingine. Akikubali, wekeni ishara, kwa mfano kanga fulani ikianikwa upande wa kwenu basi upige simu, au mtoto akitumwa kuomba chumvi kwa jina fulani basi asirudishwe. Mwekee nyumbani kwako mfuko wenye kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nguo chache na fedha kidogo. Usimuulize kwa nini haondoki. Aondoke aende wapi, na mji umefungwa? Akiumia, apelekwe Hospitali Kuu ya Pwani, kuna kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, na aandikishe majeraha hata kama leo hataki kushitaki. Ikiwa amebakwa, afike haraka iwezekanavyo, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72.

Kuhusu hesabu ya tajiri: madereva wote wa njia hiyo wanabeba 8. Wengi wao hawapigi mtu.

*Shangazi, mimi ni mwana wa Mombasa, nafanya kazi Mutrah, Muscat. Huku tulifungiwa tangu Aprili 1. Mshahara umekatwa nusu. Nikipiga simu nyumbani baba ananiuliza fedha, dada yangu anasema nimeoa huku nawaficha. Sasa naona bora nisipige.*

Piga. Ukinyamaza, mtu wa nyumbani hujaza kimya chako kwa hadithi yake, na hadithi ya mtu mwenye njaa haiwi nzuri.

Lakini kwanza tuma ujumbe wa sauti mmoja kwa wote, baba, mama na dada, wasikie maneno yaleyale. Taja kiasi: nilikuwa nikipata hiki, sasa napata hiki, chumba na chakula huku ni hiki, nitatuma hiki kila tarehe fulani. Kiwe kidogo unachokiweza hata mwezi mbaya, kisikose. Vijana wetu wa Ughaibuni huona haya kutaja mshahara, na haya hiyo inawagharimu wazazi wao. Baba yako hajui Mutrah imefungwa. Kwake yeye Maskati ni mahali ambapo fedha hutoka. Mwoneshe mtaa mtupu kwa simu ya video.

Kisha weka siku mbili: ya kwanza ya fedha, ya pili ya kumsalimia mzee tu. Siku ya salamu akikuuliza fedha, mjibu, "Hiyo ni Ijumaa, baba. Leo niambie goti lako."

*Shangazi mimi niko darasa la nane. Baba na mama wanagombana kila siku. Wakianza naenda chooni na mdogo wangu tunakaa huko. Mtihani wa KCPE utafanywa? Hesabu za asilimia hazinielei na mwalimu hayuko.*

Mwanangu, ahsante kwa kuniandikia. Barua yako ilikuwa fupi kuliko zote, na nimeisoma mara nyingi.

Ugomvi wa baba na mama hukuuanzisha wewe, wala mdogo wako, wala hukuuongeza kwa kuomba daftari. Watu wazima wana hofu ya fedha na ya ugonjwa, na hofu yao inatoka kwa kelele. Kazi ya kuwapatanisha si yako.

Umefanya vizuri sana kumchukua mdogo wako. Lakini choo si mahali pa kukaa usiku. Je, kuna jirani au shangazi karibu mnayemwamini? Mwambie mapema, mchana, kwamba mkisikia kelele mtakuja kwake. Kama ni usiku na hamwezi kutoka, kaeni kona iliyo mbali na jikoni, umsimulie mdogo wako hadithi au mhesabu pamoja kwa sauti ndogo. Mtu akipigwa, au ukiona mtu atapigwa, piga 116. Haihitaji salio. Atapokea mtu mzima, naye hatakukasirikia. Na siku ambayo mama ametulia, mwambie vile ulivyoniambia mimi: "Mkigombana tunakaa chooni." Nadhani hajui.

Mtihani: shule bado hazijafunguliwa na tarehe haijatangazwa, lakini watoto wa darasa la nane nchi nzima wako pale ulipo wewe. Hakuna aliyekutangulia.

Asilimia tuzianze hivi. Chukua maharagwe mia. Muulize mama kwanza, maana ni chakula. Yapange mistari kumi ya kumi kumi. Mstari mmoja ni asilimia kumi. Nusu ya mstari ni asilimia tano. Sasa mfanye mdogo wako awe mnunuzi: kitabu ni shilingi 200, duka limepunguza asilimia 15. Kila shilingi mia moja ina mia yake ya maharagwe, kwa hiyo ondoa mstari mmoja na nusu mara mbili. Kitabu kimebaki bei gani?

Nitumie jibu, na uniambie kitabu chako cha hesabu mmefika ukurasa gani.